Mathis, Mchoraji wa Madhabahu ya Isenheim

Watu wengi ambao habari zao husomwa katika sharika zetu walikuwa wahubiri, au walimu, au wenye kufasiri Maandiko. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mtu aliyefanya kazi kwa mbao na rangi. Hakuacha kitabu hata kimoja, wala hotuba, wala wimbo. Walakini yapata miaka 500 sasa watu wasiojua hata lugha yake husimama mbele ya kazi yake wakanyamaza kimya. Twaona ni vema ndugu zetu wa milima ya Mbinga na wa pwani ya Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hata Mbamba Bay, wamjue mtu huyu, maana mambo yaliyompata na mambo aliyoyachora yako karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Vitabu vingi humwita Matthias Grünewald. Jina hilo si lake. Mnamo mwaka 1675 mwandishi mmoja, Joachim von Sandrart, alipokuwa akikusanya habari za wachoraji wa Ujerumani, alimwandika hivyo kwa kukosea, na kosa lile likashika hata leo. Jina lake la kweli ni Mathis Gothart Nithart. Alizaliwa katika mji wa Würzburg, kati ya miaka ya 1470 na 1480 hivi, akakaa muda mrefu katika miji ya Seligenstadt na Aschaffenburg, karibu na mto Main. Hivyo alikuwa wa kizazi kimoja na Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa Nürnberg, na alimtangulia Martin Luther kwa miaka michache tu.

Mathis alikuwa fundi wa mambo mengi. Pamoja na kuchora, alijua kazi ya maji, yaani kutengeneza visima, mifereji na mitambo ya kupandishia maji katika majumba ya wakuu. Askofu Mkuu wa Mainz, Uriel von Gemmingen, alimweka katika utumishi wake, naye akawa mchoraji wake na msimamizi wa majengo. Uriel alipofariki mwaka 1514, akaja Albrecht wa Brandenburg, na Mathis akaingia katika utumishi wa bwana huyo mpya. Mwalimu wa Neno anayesoma habari hizi atakumbuka jina hilo mara moja, maana Albrecht huyu ndiye ambaye kwa ajili ya madeni yake vyeti vya maondoleo ya dhambi viliuzwa, na kwa sababu hiyo Luther alimpelekea hoja zake 95 mwaka 1517. Basi Mathis alikula mkate wa mtu yule yule ambaye Matengenezo ya Kanisa yalianza kwa kumwonya.

Lakini kabla hatujafika huko, imetupasa kwenda kwanza Isenheim.

Isenheim ni kijiji cha nchi ya Alsace, ambayo siku hizi ni ya Ufaransa. Palikuwa na nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antonio, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwauguza watu wenye ugonjwa mmoja wa kutisha. Watu waliuita moto wa Mtakatifu Antonio. Mgonjwa aliona mwili wake ukiwaka kama uliotiwa katika moto. Alipatwa na kifafa, akaona mambo yasiyokuwapo. Vidole, mikono na miguu yake vikageuka vyeusi, vikakauka, vikaanguka au vikakatwa. Siku zile hawakujua asili yake. Baadaye, katika karne ya 17, waganga wa Ufaransa walitambua kwamba sumu ilikuwa ndani ya chakula chenyewe. Nafaka iitwayo rai, iliyo jamii ya ngano, hushikwa na kuvu katika miaka ya mvua na ubaridi. Kuvu hiyo ikisagwa pamoja na nafaka, mkate wenyewe huwa sumu. Maskini, ambao hawakuwa na chakula kingine, ndio walioumwa zaidi. Nasi jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na kila mama wa Umatengo ajua kwamba mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka hayafai kwa watoto.

Watawa wa Isenheim waliwapa wagonjwa mkate mzuri usio na kuvu, wakawapaka dawa ya majani na mafuta, wakawakata viungo vilivyooza. Tena waliwapeleka kanisani, wakawaweka mbele ya madhabahu. Mkuu wa nyumba hiyo, Guido Guersi, alitaka madhabahu hiyo iwe na picha zilizo sawa na msiba wa watu wake. Tayari palikuwa na sanamu za mti zilizochongwa na Nikolaus wa Hagenau. Guersi akamwita Mathis achore mbao za kuzifunika sanamu zile, na kati ya mwaka 1512 na 1516 Mathis akaifanya kazi hiyo.

Imetupasa kueleza jinsi ilivyokuwa, maana haikuwa picha moja. Ilikuwa mfano wa kabati kubwa lenye milango iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Siku za kawaida milango yote ilifungwa, na watu waliona Bwana akisulibiwa. Siku za sikukuu milango ya kwanza ilifunguliwa, zikaonekana picha za furaha. Milango ya pili ilipofunguliwa zikaonekana sanamu za ndani, pamoja na picha mbili za maisha ya Antonio.

Picha ya kusulibiwa ina kimo cha karibu meta 2.7, na upana wake wapita meta 3. Nyuma yake ni giza tupu. Bwana Yesu amechorwa mkubwa kuliko watu wote waliosimama hapo. Mti wa msalaba umepindika kwa uzito wake. Vidole vyake vimetanuka na kukakamaa, miguu imevimba, midomo ni ya rangi ya maiti, na ngozi yake yote, tangu shingo hata nyayo, imejaa vidonda na miiba iliyochomeka. Wachoraji wengi wa nyakati zile walimchora Yesu msalabani akiwa mzuri wa umbo, kama aliyelala. Mathis hakufanya hivyo. Mgonjwa wa Isenheim aliyeletwa katika machela, mwenye ngozi iliyooza, aliinua macho akaona kwamba Mwana wa Mungu ana ngozi kama yake.

Upande wa kushoto Mariamu mamaye Yesu ameishiwa na nguvu, amevaa nguo nyeupe, na mwanafunzi Yohana amemshika asianguke. Mariamu Magdalene amepiga magoti, mikono yake imefungamana. Upande wa kuume amesimama Yohana Mbatizaji. Twajua ya kwamba Herode alikuwa amekwisha kumwua kabla ya siku ile, na Mathis alijua pia. Alimweka pale awe shahidi. Mkono mmoja umeshika Maandiko yaliyofunuliwa, na kidole cha mkono wa pili, kirefu kupita kawaida, chamwonyesha Yeye aliye msalabani. Karibu na kinywa chake yameandikwa kwa Kilatini maneno yake yaliyomo katika Yohana 3:30, na miguuni pake amesimama mwana-kondoo, damu yake yamiminika katika kikombe. Hayo yote ni mahubiri kamili, na mtu asiyejua kusoma aweza kuyafahamu.

Milango ikifunguliwa, giza latoweka. Malaika Gabrieli amjia Mariamu. Malaika wapiga vinanda. Mariamu amempakata mtoto, na kitambaa alichomvika mtoto kimeraruka, kama kile alichovikwa msalabani. Mwisho, upande wa kuume, Bwana apanda juu kutoka kaburini usiku, amezungukwa na duara kubwa la nuru, nyekundu na manjano na samawati, na askari wameanguka kifudifudi. Hapo ngozi yake ni safi. Vile vidonda vyote vimekwisha, zimebaki alama za misumari na ya mkuki tu. Mgonjwa aliyeona mwili ule umeoza siku ya kazi aliuona ukiwa mzima siku ya sikukuu, na ni mwili ule ule.

Katika milango ya ndani kabisa Mathis amemchora Antonio akiburutwa na kupigwa na mashetani yenye sura za wanyama. Chini, pembeni, ameketi mtu aliyevimba tumbo, mwili wake umejaa majipu. Na upande wa pili pana kipande cha karatasi chenye maandiko ya Kilatini: ni lalamiko la Antonio, ambaye amwuliza Yesu alikuwa wapi tangu mwanzo, na kwa nini hakuja kumponya majeraha yake. Watawa hawakuifuta karatasi ile. Waliiacha mbele ya wagonjwa, kwa sababu walijua kwamba mtu aliye katika maumivu huuliza hivyo, na kwamba kuuliza hivyo mbele ya madhabahu si kukana imani.

Mathis alipomaliza kazi hiyo alirudi kwa bwana wake Albrecht, akamchorea picha kwa kanisa lake la mji wa Halle. Moja ya hizo yatupasa kuitaja, kwa maana yatuhusu sisi Waafrika. Yaonyesha watakatifu wawili wakikutana, Erasmo na Mauritio. Erasmo ni askofu mwenye mavazi ya dhahabu, na uso wake ni uso wa Albrecht mwenyewe. Mauritio, ambaye mapokeo yasema alikuwa jemadari wa jeshi lililotoka Misri na kufa kwa ajili ya Kristo, amechorwa mtu mweusi, amevaa silaha za fedha zing'aazo, amesimama uso kwa uso na askofu, naye asema akisikilizwa. Picha hii, iliyochorwa mnamo miaka ya 1520 hadi 1524, iko katika mji wa München. Hata katika siku za Luther, basi, Wakristo wa Ujerumani waliona uso wa Mwafrika katika kanisa lao.

Katika miaka hiyo hiyo Agano Jipya la Luther lilitokea, mwaka 1522, likasomwa katika miji yote. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliinuka juu ya mabwana zao kwa sababu ya kodi na utumwa wa mashamba, na vita vile vikafika hata katika nchi ya Askofu Mkuu wa Mainz. Luther mwenyewe aliwaandikia wakulima maneno makali sana, na maelfu kwa maelfu waliuawa. Baada ya machafuko hayo twamwona Mathis ameacha utumishi wa Albrecht. Mtu aliyekuwa na cheo, mshahara na mavazi ya heshima sasa yuko Frankfurt, amekaa nyumbani mwa fundi wa kudarizi hariri. Mwaka 1527 akaenda Halle, akafanya kazi ya mitambo ya maji. Huko akafariki dunia mwezi Agosti mwaka 1528, miezi michache baada ya Dürer.

Alipokufa, vitu alivyoviacha Frankfurt viliandikwa kimoja kimoja. Palikuwa na nguo nzuri za siku za cheo chake, na rangi nyingi. Palikuwa pia na sanduku lililopigiliwa misumari, na ndani yake Agano Jipya, hotuba za Luther zilizojalidiwa pamoja, na maandiko mengine ya Kilutheri. Hatuongezi neno juu ya hayo. Mtu aliyemtumikia Albrecht miaka mingi alikuwa amejiwekea akiba ya Injili katika sanduku lililofungwa, na cheo kilipomwacha, akiba hiyo ilibaki.

Hapa huenda ndugu mmoja akauliza kama yafaa sisi kusifu picha za kanisani, hali tumeonywa juu ya sanamu. Swali hili ni la haki, tena ni la kale. Mwaka 1522, Luther alipokuwa amefichwa Wartburg, Karlstadt na wenzake wa Wittenberg walitaka picha zote zivunjwe. Luther aliposikia alirudi, akahubiri siku nane mfululizo mwezi Machi. Alifundisha ya kwamba picha si amri wala si haramu. Kuziabudu ni dhambi, na anayedhani amempa Mungu kitu kwa kulipia picha amepotea. Lakini uovu huo hutolewa moyoni kwa Neno, si ukutani kwa shoka. Sisi twaipima kazi ya Mathis kwa kipimo hicho. Kidole cha Yohana hakijionyeshi chenyewe, wala hakimwonyeshi mchoraji. Karl Barth, mwalimu wa theolojia kutoka Uswisi, alitundika nakala ya picha hiyo juu ya meza yake ya kazi, na mara kwa mara aliwaambia wanafunzi wake habari za kidole hicho kuwa mfano wa kazi ya mhubiri.

Baada ya kufa kwake Mathis alisahauliwa. Baadhi ya picha zake zilitekwa katika vita ya miaka thelathini, zikazama baharini katika merikebu. Picha za Isenheim zilisalimika. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa watawa walifukuzwa, na mnamo mwaka 1793 mbao zile zilipelekwa katika mji wa Colmar. Tangu mwaka 1853 zimewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Unterlinden. Kwa muda mrefu wageni walizipita tu, wakiziona kuwa za kuchukiza.

Vita Kuu ya mwaka 1914 ndiyo iliyowafumbua watu macho. Vita hiyo twaijua sisi wa Ziwa Nyasa, maana ilifika kwetu katika mwezi wake wa kwanza. Mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen ilikuja Liuli, iliyoitwa na Wajerumani Sphinxhafen, ikaipiga kwa mzinga meli yao Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Kisha wanaume wa nchi hii walichukuliwa kuwa wapagazi, na maelfu yao hawakurudi. Katika vita hiyo hiyo, mwaka 1917, Wajerumani waliiondoa madhabahu Colmar wakaipeleka München ihifadhiwe. Tangu Novemba 1918 hata Septemba 1919 ilionyeshwa huko, na watu walimiminika kuiona. Askari waliojeruhiwa vitani waliletwa mbele yake. Watu waliokuwa wameona mitaro ya vita hawakuuliza tena kwa nini Mathis alichora mwili ulioharibika namna ile.

Tangu hapo wachoraji wa siku zetu hawakumwacha tena. Otto Dix, aliyekuwa mpiga bunduki ya mtombo katika vita ile, alichora kati ya mwaka 1929 na 1932 picha yake ya Vita. Aliipa umbo la madhabahu, yenye milango miwili pembeni na ubao chini wa askari waliolala kama wafu. Iko Dresden. Wafuasi wa Hitler walipotawala mwaka 1933 walimfukuza katika kazi yake ya ualimu. Katika vita ya pili alitekwa, akafungwa Colmar kwenyewe, karibu na picha za Mathis. Naye akawachorea wafungwa wenzake picha ya Mariamu na mtoto, nyuma yao seng'enge ya kambi. Pablo Picasso wa Hispania, mwaka 1932, alichora kwa wino picha nyingi akiifuata ile ya kusulibiwa. Graham Sutherland wa Uingereza alichora kusulibiwa kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Mathayo katika mji wa Northampton, mwaka 1946, baada ya watu kuona picha za kambi za mauti. Mtunga muziki Paul Hindemith naye alitunga mchezo wa kuimba juu ya maisha ya Mathis, juu ya fundi anayejiuliza kama aweza kuendelea kuchora hali watu wanauawa. Watawala wa Ujerumani waliuzuia, ukachezwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1938.

Katika Afrika Mashariki pia imekuwako kazi ya namna hiyo, ijapokuwa mkono ni mwingine. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu katika nchi ya Kilimanjaro, alichora katika kanisa la Waanglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika miaka ya Mau Mau. Ukutani alichora picha tano za maisha ya Bwana, kutoka kuzaliwa hata kusulibiwa, na watu wake ni Waafrika, na vilima vyake ni vilima vya Wakikuyu. Hakunakili picha za Ulaya. Alilifanya alilolifanya Mathis: aliwaweka waombolezaji wa mahali pale ndani ya Injili, wajione wamo.

Walimu wa Neno, ninyi mwaenda kila juma katika nyumba zenye ugonjwa, kutoka vilima vya ngolo vya Umatengo hata vijiji vya wavuvi. Mwajua ya kuwa mgonjwa wa siku nyingi hufichwa chumba cha nyuma, na majirani huanza kunong'ona juu ya dhambi yake au ya wazazi wake. Watawa wa Isenheim walimchukua mtu wa namna hiyo wakamweka mbele kabisa kanisani, mahali pa heshima. Kwanza walimpa mkate usio na sumu, kisha wakamwonyesha Bwana mwenye vidonda, na sikukuu ilipofika wakamfungulia milango. Utaratibu huo hauhitaji rangi wala mbao, na kila usharika waweza kuushika.

Madhabahu ingaliko Colmar. Mafundi waliisafisha kwa miaka kadhaa, wakamaliza mwaka 2022, na rangi zake zimeonekana tena kama zilivyokuwa. Milango haifungwi tena. Mbao zimetenganishwa ili watu wazione zote siku moja. Yohana angali amesimama pale, na kidole chake hakijashuka.